Umbali wa anga kati ya KIA na Mwanza: kwa nini muda unaoandikwa haulingani?

Swali: Binti wa Kibosho, Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu, ambaye umri umekwenda na magoti yanamsumbua, anajiandaa kwenda Mwanza kumlea dada yangu aliyejifungua hivi karibuni. Suala la basi tumelikataa sote nyumbani, kwa sababu barabara ya kupitia Babati, Singida na Shinyanga inazidi kilomita 800 ukihesabu kuanzia Moshi, na kukaa kitako kutwa nzima kutamlaza kitandani kabla hata hajampakata mjukuu. Tumekubaliana apande ndege KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro.

Kinachonitatiza ni hesabu ya muda. Ukurasa mmoja wa mtandaoni unasema kwamba kutoka KIA hadi Mwanza ni kilomita 472 na kwamba ndege huchukua dakika 34. Ukurasa mwingine, kwa umbali huohuo, unasema saa 1 na dakika 4. Nilipofuatilia tiketi nikakuta safari moja imeandikwa saa 1 na dakika 20, na nyingine ya siku hiyohiyo imeandikwa zaidi ya saa 5, ilhali viwanja ni vilevile viwili. Jirani yetu naye anashauri kwamba mama aende kupandia Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, kwa maelezo kwamba Kisongo iko karibu zaidi na Mwanza kuliko KIA.

Naomba mwenye ujuzi anifafanulie mambo haya: umbali huo wa kilomita 472 ni wa kweli? Niamini muda upi kati ya hiyo minne? Na ushauri wa Kisongo una faida yoyote kwa mtu anayetoka Moshi? Shemeji atakayempokea anaomba ruhusa kazini, hivyo anahitaji kuambiwa saa ambayo mama atakuwa amekwisha kutoka nje ya uwanja, si saa ya kubahatisha. Niongeze pia kwamba mama amekwisha kutenga ndizi mshare za mtori, na hatakubali kuondoka bila hizo.

Jibu: Mwalimu wa Majengo, Moshi

Dada, hongereni kwa kupata mtoto. Nianze na umbali, maana unaweza kuuhakikisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi bila kumtegemea mtu yeyote.

KIA iko nyuzi 3 na dakika 26 kusini mwa ikweta, na nyuzi 37 na dakika 4 mashariki. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko nyuzi 2 na dakika 27 kusini, na nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 59, na tofauti ya longitudo ni nyuzi 4 na dakika 8, yaani dakika 248. Dakika moja ya latitudo ina urefu wa maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852, na kwa kuwa sisi tuko karibu sana na ikweta, dakika ya longitudo nayo inakaribia kabisa urefu huohuo. Chora basi pembetatu mraba yenye pande za 59 na 248, kisha tumia kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa sekondari: 59 mara 59 ni 3,481, na 248 mara 248 ni 61,504, jumla 64,985, ambayo kipeuo chake cha pili kinakaribia 255. Zidisha maili hizo 255 kwa 1.852 na utapata kilomita 472. Kurasa zote mbili zilikupa umbali sahihi.

Njia hii ya karatasi isingefaa kupima safari ya Dar es Salaam hadi London, kwa sababu kwa mwendo mrefu kiasi hicho mviringo wa dunia hauwezi kupuuzwa, na longitudo huzidi kusogeleana kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Kwa viwanja vya kwetu, ambavyo vyote viko ndani ya nyuzi chache kusini mwa ikweta, kosa lake ni dogo mno.

Ukiweka rula kwenye ramani kutoka KIA hadi Mwanza, mstari unapita juu ya jiji la Arusha, kusini kidogo ya kilele cha Mlima Meru, unavuka Bonde la Ufa, unaingia nyanda za juu za Ngorongoro, unapita Olduvai na mbuga tambarare za kusini mwa Serengeti, kisha unatokea upande wa Magu kabla ya kufika uwanjani kando ya Ziwa Victoria. Ndiyo maana barabara ni ndefu karibu mara mbili: magari mengi hayakati Serengeti, yanazunguka kusini kwa kupitia Singida. Ndege yenyewe haifuati rula sawasawa, kwa kuwa kuna njia za anga zilizopangwa na kuna maelekezo ya waongoza ndege, lakini nyongeza inayotokana na hayo kwa safari ya aina hii si kubwa.

Suala la muda nawaachia wanaolijua kwa undani.

Jibu: Mzee wa Njiro, Arusha

Namshukuru Mwalimu kwa kuweka msingi. Nimefanya kazi za uwanjani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hili nimeulizwa na abiria wengi waliokuwa na wasiwasi uleule wa binti yetu. Jibu langu ni kwamba muda wote minne ni halali, ila kila mmoja unapima kitu chake.

Dakika 34 zimepatikana kwa kugawanya kilomita 472 kwa mwendo wa ndege ya jeti ikiwa imekwisha kutulia angani, mwendo ambao ni kama kilomita 830 kwa saa. Hesabu hiyo inachukulia kwamba ndege inapita juu ya KIA ikiwa tayari kwenye kasi kamili, na kwamba inafika juu ya Mwanza ikiwa bado na kasi hiyo. Hakuna abiria atakayesafiri hivyo. Saa 1 na dakika 4 ni zile dakika 34 zilizoongezewa nusu saa ya kuruka na kutua, na kurasa nyingi za kupima umbali hufanya nyongeza ya namna hiyo kwa kila safari, iwe ndefu au fupi, bila kujua ni ndege ya aina gani inayotumika. Saa 1 na dakika 20 ya kwenye tiketi ndiyo inayokuhusu wewe, kwa sababu inahesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa KIA hadi inaposimama na kuzima injini Mwanza. Hiyo ya zaidi ya saa 5 bila shaka inapitia uwanja mwingine, na nina hakika kuna mtu wa tiketi atakayeieleza vizuri kuliko mimi.

Ngoja nieleze kidogo zile dakika zinakopotelea, kwa sababu ukizielewa hutasumbuka tena na namba za mtandaoni.

Kwanza ni aina ya ndege. Ndege ya mapangaboi aina ya ATR, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa safari za ndani, hutembea kama kilomita 500 kwa saa. Dash 8-400, ambayo nayo ni ya mapangaboi, ina mwendo mkubwa zaidi na hufika kama kilomita 650. Jeti ndiyo hiyo ya kilomita 830. Ukigawanya umbali wa kilomita 472 kwa kila mwendo unapata dakika 57 kwa ATR, dakika 44 kwa Dash 8 na dakika 34 kwa jeti. Lakini kwa safari fupi tofauti hii hupungua sana, kwa sababu jeti nayo inalazimika kupanda, na kabla haijautumia mwendo wake kwa muda wa maana inaanza kushuka. Kati ya mlango kufungwa na mlango kufunguliwa, jeti itampunguzia mama yako dakika chache tu, pengine kumi au kumi na tano.

Pili ni kuruka kwenyewe. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki na magharibi, na urefu wake ni kilomita 3.6. Ndege hupendelea kuruka ikikabili upepo, na upepo wa pale mara nyingi hutoka mashariki. Maana yake ni kwamba ndege inayokwenda Mwanza, ambako ni magharibi, mara nyingi inatembea ardhini hadi ncha ya magharibi, inageuka, inaruka ikielekea upande wa Moshi, ndipo inazunguka angani kushika njia yake. Abiria aliye dirishani anaona mashamba ya upande wa nyumbani yakimkaribia wakati anajua kwamba anakwenda kinyume chake. Dakika hizo zote zimo kwenye ratiba, na hazimo kwenye kilomita 472.

Tatu ni kupanda na kushuka. KIA iko kwenye mwinuko wa mita 894 kutoka usawa wa bahari, na Mwanza iko mita 1,147. ATR hairuhusiwi kuvuka futi 25,000, na kwa safari kama hii inaweza kutulia kwenye futi 18,000, ambazo ni chini ya kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Kufika hapo huchukua kama robo saa, na katika robo saa hiyo mwendo wake ni mdogo kuliko ule wa kilomita 500. Upande wa pili, inaanza kushuka ikiwa bado na kilomita 80 au zaidi za kwenda, kabla hata haijafika Magu, kisha inapangwa na waongoza ndege pamoja na nyingine zinazoingia.

Nne ni upepo wa juu. Katika anga letu upepo wa kimo hicho mara nyingi huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, hivyo ndege inayokwenda Mwanza husukumwa na inayorudi hukabili. Tuchukulie upepo wa kilomita 30 kwa saa. ATR ya kilomita 500 itakwenda kwa kilomita 530 ikielekea Mwanza na kutumia dakika 53, na itarudi kwa kilomita 470 na kutumia dakika 60. Umbali ni uleule, njia ni ileile, lakini kuna dakika 7 za tofauti. Kwa hiyo usishtuke ukiona tiketi ya kurudi ina muda mrefu kidogo kuliko ya kwenda.

Mwisho, mashirika huongeza dakika kadhaa kwenye ratiba ili kufidia ucheleweshaji mdogo. Ndege ikiondoka kwa wakati inaweza kufika Mwanza dakika kumi kabla ya saa iliyoandikwa, na shemeji asipoambiwa hilo atamkuta mama amekwisha kutoka nje anamsubiri. Mwambieni mama asubiri ndani, penye viti.

Jibu: Dada wa Tiketi, Moshi

Mzee ameeleza vizuri mno. Mimi nauza tiketi, na naomba nikazie mambo ambayo yanawaumiza wateja mara kwa mara.

Ile safari ya zaidi ya saa 5 inapitia Dar es Salaam. Tazama jinsi umbali unavyobadilika: KIA hadi Dar ni kilomita 449 hivi kwa anga, na Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850, jumla kilomita 1,300, karibu mara tatu ya safari ya moja kwa moja. Mama atakuwa anapelekwa kusini-mashariki hadi pwani ili arudishwe kaskazini-magharibi hadi ziwani. Juu ya hapo kuna kushuka, kutembea, kukaguliwa tena na kusubiri. Kwa kijana mwenye mkoba mmoja si tatizo, na wakati mwingine bei yake ni nafuu. Kwa mama mwenye magoti mabovu mimi nisingeikata hata kama ingekuwa na punguzo kubwa. Mteja wangu mmoja alinunua mwenyewe tiketi mbili tofauti, moja ya kufika Dar na nyingine ya kutoka Dar, ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka bila yeye, na kwa kuwa zilikuwa tiketi mbili zisizohusiana hakupata fidia yoyote. Kama italazimu kupitia Dar, basi iwe tiketi moja kutoka KIA hadi Mwanza, ili mizigo na muunganiko viwe ni dhamana ya shirika.

Kabla ya kulipa, angalia sehemu iliyoandikwa idadi ya vituo. Ikiwa haionekani, linganisha muda: safari ya moja kwa moja kati ya viwanja hivi viwili haiwezi kuzidi saa moja na nusu kwenye ratiba kwa ndege za kawaida. Siku za safari za moja kwa moja hubadilika kila ratiba mpya inapotoka, kwa hiyo panga tarehe ya mama kwa kufuata siku za ndege, usipange ndege kwa kufuata tarehe.

Kuhusu Kisongo, jirani yako hajakosea kwenye ramani. Kutoka Kisongo hadi Mwanza ni kilomita 422, yaani pungufu ya KIA kwa kilomita 50. Lakini ndege zinazotoka Kisongo kuelekea upande ule kwa kawaida ni ndogo, aina ya Cessna Caravan, zenye injini moja na viti kama kumi na viwili. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, hivyo hata zikienda bila kusimama zinahitaji karibu saa moja na nusu, na mara nyingi hazikosi kusimama kwenye viwanja vya Serengeti kushusha na kuchukua watalii. Ndani yake hewa haikandamizwi kama kwenye ndege kubwa, kwa hiyo masikio na pumzi ya mtu mzima huuhisi mwinuko. Uzito nao unapimwa kwa makini: wengi huruhusu kilo 15 tu, tena katika begi laini linaloweza kukunjika, na abiria mwenyewe anaweza kuombwa apande mizani. Boksi la ndizi hapo litaleta mjadala.

Kwenye ndege kubwa kiasi cha mizigo kimeandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo kisome kabla ya kufunga boksi. Ndizi mshare zisiende na mkungu, bua lake ni uzito wa bure. Zikatwe vichane, zifungwe kwa majani makavu ya mgomba au magazeti, ziwekwe kwenye boksi imara lenye jina na namba ya simu ya shemeji pande mbili.

Na jambo la magoti. ATR huingiwa kwa mlango wa nyuma wenye ngazi fupi zilizoshikamana na mlango wenyewe, zenye kamba ya kushikilia. Jeti imesimama juu zaidi, na ngazi zake za magurudumu ni ndefu. Kwa hiyo, pamoja na mwendo wake mdogo, ndege ya mapangaboi inaweza kuwa rafiki zaidi kwa mama. Mwombee kiti cha nyuma karibu na mlango ili asitembee njia nzima katikati ya viti. Ndege hiyo upande mmoja ina viti viwili na upande wa pili viwili, hakuna cha katikati, hivyo akiomba kiti cha upande wa njia ataweza kunyoosha mguu kidogo.

Jibu: Dereva wa Usa River

Naongezea upande wa barabara kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kutoka Moshi mjini hadi KIA ni kama kilomita 40. Unapita Boma Ng'ombe, unaendelea hadi njia panda ya KIA, unakunja kushoto na kuingia ndani kilomita chache hadi uwanjani. Kukiwa na utulivu, dakika 50 zinatosha. Lakini barabara ile ina malori, ina vibao vya mwendo wa 50 kila penye makazi, na lori moja bovu katika mteremko linaweza kula nusu saa yako yote. Kwa mtu anayeshuka kutoka Kibosho, ongeza muda wa kufika mjini au barabara kuu.

Kisongo ni habari nyingine kabisa. Kutoka Moshi utapita njia panda hiyohiyo ya KIA, uiache, uende hadi Arusha na kuvuka jiji zima, kwa kuwa Kisongo iko upande wa magharibi kwenye barabara ya Dodoma. Barabara ya mchepuko inayoanzia huku kwetu Usa River inasaidia kukwepa foleni za mjini, lakini umbali haupungui. Kwa jumla ni karibu kilomita 90. Zile kilomita 50 ambazo ndege itazipunguza angani, mama atakuwa amezilipa zote barabarani, tena kwa mwendo wa gari. Kwa mkazi wa Kisongo, Ngaramtoni au Monduli ushauri huo una maana. Kwa mtu wa Moshi hauna.

Binti wa Kibosho, Moshi

Nawashukuru wote kwa moyo wa dhati. Nimekaa na mama na kaka yangu, tukapanga upya kwa kufuata maelezo yenu, na naomba mnisahihishe penye upungufu. Tumechukulia mfano wa ndege ya moja kwa moja inayoondoka saa 7 mchana. Tutatoka nyumbani saa 4 asubuhi, tutegemee kuwa KIA saa 5 na robo, akabidhi mizigo na kukaguliwa bila kuharakishwa, aruke saa 7, na afike Mwanza saa 8 na dakika 20 kwa mujibu wa tiketi. Kusubiri mzigo tumeweka dakika 25. Shemeji tumemwambia awe mlangoni saa 8 na robo, na atarajie kuondoka naye saa 9 kasorobo. Kutoka uwanjani hadi mjini Mwanza ni kama kilomita 10, na dada anakaa kando ya barabara hiyo ya uwanja. Kwa hesabu hii mama atatumia kama saa 5 hivi kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa dada, na katika hizo ni kama saa moja tu atakayokuwa hewani.

Nimebakiwa na swali moja kuhusu kurudi. Kuna ndege ya asubuhi na ya jioni. Kaka anasema ya jioni ni bora kwa sababu Mwanza jua linachelewa kutua, hivyo mama atasafiri mchana. Je, ni kweli, na ipi ingemfaa zaidi?

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Ratiba yenu ni nzuri. Kuhusu jua, kaka yako ana hoja, ila faida yake inaishia Mwanza. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika 4, na kati ya KIA na Mwanza kuna zaidi kidogo ya nyuzi 4, kwa hiyo jua hutua Mwanza kama dakika 16 baada ya kutua hapa kwetu. Lakini saa za ukutani ni zilezile, na kwa kuwa mama atakuwa anasafiri kuelekea mashariki, giza litamjia mapema zaidi kuliko kama angebaki Mwanza. Akiondoka saa 11 na nusu jioni, atatua KIA usiku umekwisha kuingia.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na safari ya Kigali, wakumbuke kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi ya KIA hadi Kigali huonekana kama ndege imekwenda kwa muda mfupi wa ajabu, na ya kurudi huonekana ndefu mno, kwa sababu kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Entebbe na Nairobi hazina tatizo hilo.

Mzee wa Njiro, Arusha

Ningechagua ya asubuhi. Wakati wa masika na wa vuli mawingu mazito hujijenga mchana juu ya nchi kavu, hasa kwenye nyanda za Ngorongoro na pembezoni mwa milima yetu miwili, na marubani hulazimika kuyazunguka. Ndege hutikisika zaidi na safari huongezeka kwa dakika kadhaa. Asubuhi hewa ya upande huu huwa imetulia. Upande wa ziwani mvua za radi hunyesha zaidi usiku na alfajiri, kwa hiyo ndege ya mapema sana inaweza kusubiri kidogo kuondoka, lakini kusubiri akiwa amekaa chini ni afadhali kuliko kutikiswa hewani. Tena akitua KIA kabla ya mchana, mtampokea kukiwa na mwanga na barabara ya kwenda Moshi itakuwa nyepesi. Kumbuka tu kwamba kurudi atakabili upepo, hivyo mkadirie dakika tano hadi kumi zaidi.

Dada wa Tiketi, Moshi

Nami naunga mkono ya asubuhi. Ombi la kiti cha magurudumu liandikwe siku ya kukata tiketi, si kaunta siku ya safari, na liandikwe kwa safari zote mbili, kwa sababu ukiomba kwa ajili ya kwenda pekee wahudumu wa Mwanza hawatakuwa na taarifa yoyote siku ya kurudi. Ukishalipa, piga simu usome namba ya tiketi na uwaombe wakuthibitishie kwamba wanaliona ombi hilo pande zote mbili. Namba ya simu mnayoacha iwe ya shemeji kwa safari ya kurudi, maana ratiba ikibadilika ujumbe utatumwa huko, na yeye ndiye atakayekuwa karibu na mama.